Kilichokuwa Chini ya Spea: Kumkumbuka Fundi Nzivo wa Kariobangi

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo huko mliko. Kama uko jikoni, punguza moto kidogo. Kama uko gareji, zima hiyo grinda kwanza, chuma hakitaoza. Leo tunamkumbuka mtu wa Kariobangi. Jina lake Nzivo Mativo. Fundi wa magari. Wateja walimwita Fundi Nzivo, na jirani zake wa Lucky Summer walimwita Baba Muthoki. Alituacha mwezi uliopita. Akazikwa kwao Wamunyu, Jumamosi yenye jua kali na nyimbo nyingi.

Nilimtembelea mjane wake, Ndanu, mama yake Muthoki, nyumbani Lucky Summer. Alinikaribisha chai, akaniketisha, kisha akanipa masharti. "Usimfanye malaika," aliniambia. "Alikuwa anakoroma, na kiburi alikuwa nacho. Lakini mwizi hakuwa. Hilo ulitaje mara mbili."

Nalitaja, Mama Muthoki. Mwizi hakuwa. Mwizi hakuwa.

Kwa nini mjane aombe jambo kama hilo redioni? Twende polepole, mtanielewa.

Nzivo alizaliwa Wamunyu, katika familia ya wachongaji. Baba yake, mzee Mativo, alichonga twiga na vifaru vya kuuzwa kwa watalii. Alitaka mwanawe afuate nyayo. Nzivo alijaribu. Twiga wake wa kwanza alitoka na shingo fupi, mzee akamuuliza kama anachonga mbuzi. Na kweli waliishia kumuuza kama mbuzi.

Kuchonga hakukumwingia, lakini mawili yalimwingia. La kwanza, kugonga na kusikiliza. Mzee Mativo hakutia tezo kwenye gogo kabla ya kuligonga kwa nyundo ya mti. Gogo zima hujibu. Gogo lenye ufa ndani, sauti yake hufia humo humo. La pili lilikuwa sheria ya nyumba ile. Mtu akikuletea gogo lake umchongee, kila kipande kinachobaki ni chake. Unavikusanya, unavifunga kwa kamba ya katani, unampa. Mzee Mativo alikuwa akisema, "Mti ni wa mwenyewe, hata vibanzi vyake."

Nzivo alipokuja Nairobi kujifunza umekanika, baba yake alimpa ile nyundo ya mti. Hakumpa kitu kingine, kwa sababu hakuwa nacho.

Basi, wasikilizaji wapendwa, Kariobangi mnaijua. Pale kwenye mabanda ya mafundi wa jua kali, mtu hupata jina au hupoteza jina kwa siku moja. Nzivo alipata jina kwa mambo mawili yale yale. Aligonga na kusikiliza. Na alirudisha kila chuma cha zamani. Ukibadilishiwa breki, breki zako za zamani utazikuta kwenye buti, zimefungwa kwa gunia na kamba ya katani, fundo la kichongaji alilojifunza kwa baba yake. Ukibadilishiwa plagi, zile mbovu utazikuta. Wateja walimcheka. Mama mmoja alimwambia, "Fundi, mimi plagi zilizokufa nizipeleke wapi, niziweke kabatini?" Nzivo akamjibu, "Zitupe mwenyewe, mama. Mimi siwezi kutupa kitu chako."

Sasa nieleze kitu kimoja kwa wale wasio na gari. Kwenye bomba la moshi, huku chini, kuna kopo la chuma. Mafundi huliita kataliti. Ndani yake mna kitu chenye matundu madogo madogo, ndiyo maana wanakiita sega. Moshi unapita humo ukisafishwa. Lile sega limepakwa madini ya thamani. Wanunuzi wa vyuma chakavu wanalitafuta kwa udi na uvumba. Na wapo mafundi, si wote, Mungu awasamehe, wanaokata kopo, wanatoa sega, wanachomelea kopo tupu na kulirudisha. Mwenye gari anaenda zake akishukuru. Kwa hiyo mtaani ukisema fundi fulani "anakula masega," umemwita mwizi. Hakuna tafsiri nyingine.

Nzivo hakula sega la mtu. Nimeshasema mara mbili, hii ni ya tatu, ya bure.

Alikuwa na rafiki. Jina lake Mbugua, Baba Eve, mfanyabiashara wa nafaka pale sokoni Kariobangi. Walikuwa majirani Lucky Summer na waimbaji wa kwaya moja. Nzivo sauti ya nne, Mbugua sauti ya tatu. Watoto wao walikua pamoja. Ndanu na Lydiah, mke wa Mbugua, walikuwa chama kimoja. Mkamba na Mkikuyu waliotaniana kutwa kucha. Mbugua alikuwa akimwambia, "Baba Muthoki, nyinyi mmezoea kuchonga vifaru, gari utaliweza?" Naye Nzivo alimjibu, "Lete tu, Baba Eve. Maharagwe ndiyo siwezi kutengeneza."

Mwaka juzi Mbugua alinunua gari la turbo, la mtumba kutoka Japani. Gari zuri, lenye mbio. Turbo, kwa ufupi, ni feni inayozungushwa na moshi wa gari lenyewe, nayo ikizunguka inasukuma hewa nyingi ndani ya injini. Mbugua alijivunia kweli. Halafu gari likaanza kuchoka. Kwenye tambarare linajikaza. Likiona mlima, linakata tamaa. Chini ya kiti kukawa na joto la ajabu, na harufu ya mayai yaliyooza.

Alilipeleka kwanza kwa Sylvance, fundi wa banda la jirani na Nzivo. Sylvance ni mtu wa maneno mengi, mwenyewe anakubali. Alifungua boneti, akasikiliza kidogo, akatoa hukumu. "Buda, turbo imekufa. Hapo ni kutafuta ingine."

Nzivo alikuwa karibu, akasikia. Akasema, "Turbo hajafa hadi tuone maiti."

Akaja taratibu. Akatoa bomba la hewa, akaingiza kidole, akazungusha feni ya turbo. Ilizunguka bila kukwama, na haikuchezacheza. Akamwambia Mbugua, "Baba Eve, lete kiganja chako huku nyuma." Wakaweka viganja vyao karibu na mdomo wa bomba la moshi, Sylvance akakanyaga mafuta. Injini ikanguruma, lakini pumzi iliyotoka ilikuwa kidogo sana.

"Unasikia?" Nzivo aliuliza. "Inavuta pumzi. Kutoa ndiko inashindwa."

Wakangoja ipoe. Nzivo akaingia chini na nyundo ya baba yake. Akagonga bomba mbele, likajibu. Akagonga kopo la kataliti, sauti ikafia humo humo. Hapo mwingine angetosheka. Nzivo alitaka ushahidi wa tatu. Akafungua sensa ya moshi iliyo mbele ya kataliti, akaacha tundu wazi, moshi upate njia ya kutokea kabla ya kufika kwenye kopo. Kisha wakapanda mlima. Wasikilizaji, Sylvance ananiambia kelele zilikuwa za kufukuza mbwa mtaa mzima. Lakini gari lilipanda. Lilipanda likitafuta mlima mwingine.

Kwa hiyo turbo hakuwa na kosa. Alikuwa anasukuma, lakini mlango wa nyuma umezibwa. Sega ndani ya kataliti lilikuwa limeyeyuka na kuziba. Na Nzivo hakuishia hapo. Akauliza limeyeyushwa na nini. Akakuta koili moja mbovu, kile kifaa kinachoipa plagi umeme. Plagi yake haikuwaka vizuri, petroli ikawa inapita bila kuungua na kwenda kuungulia ndani ya kataliti. Akabadilisha koili na plagi kwanza, kataliti baadaye. "Ukitibu kidonda ukaacha mwiba," alimwambia Mbugua, "utarudi tu." Akamshauri pia abadilishe tairi, zilikuwa zimeisha. Mbugua akanunua tairi mpya, nzuri kabisa. Hizo tairi zikumbukeni.

Basi kazi ikaisha. Nzivo akafunga ile kataliti ya zamani kwa gunia na kamba ya katani. Akafungua buti. Akakuta magunia ya unga na maharagwe, mchango wa Mbugua kwa sherehe ya mavuno kanisani. Kataliti ilikuwa na masizi meusi. Nzivo akaona si vizuri masizi yaguse chakula cha kanisa. Akainua magunia, akainua zulia la buti, akainua tairi la spea, akaliweka furushi lake shimoni, chini ya spea. Akarudisha zulia. Akarudisha magunia.

Mbugua alikuja kulichukua gari simu ikiwa sikioni, anabishana na mtu wa kumletea magunia ya ndengu. Akapunga mkono. Nzivo naye akapunga, akionyesha nyuma. Kila mtu alijua kwamba Fundi Nzivo huweka vitu kwenye buti. Hakuna aliyedhani panahitaji maelezo.

Wiki chache baadaye, mnunuzi wa vyuma chakavu alipita dukani kwa Mbugua. Akaliona gari. Akauliza, "Hii ilibadilishwa kataliti? Sega ulibaki nalo?" Mbugua akaenda kwenye buti. Akatoa magunia yote ya biashara. Hakuona kitu. Na nani huinua zulia la buti kama hana pancha?

Hapo, wasikilizaji wapendwa, ndipo mambo yalipoharibika. Kutoka duka la Mbugua hadi banda la Nzivo ni mwendo wa kumaliza hindi moja la kuchoma. Mbugua hakwenda kumuuliza. Alimuuliza Sylvance. Na Sylvance, kwa mdomo wake ule, akafanya mzaha. "Buda, hiyo saa hii iko Mombasa inangoja meli."

"Nilikuwa nacheza tu," Sylvance aliniambia, macho chini. "Mimi nilidhani anajua nacheza."

Jumapili iliyofuata, kwenye mkutano wa wanaume kanisani, Mbugua alisimama. Hakutaja jina. Alisema, "Kuna ndugu zetu hapa wanaimba sauti ya nne Jumapili, na Jumatatu wanakula masega." Sauti ya nne walikuwa watu wachache. Fundi wa magari alikuwa mmoja.

Nzivo aliinuka. Alichukua kofia yake, akaenda nyumbani. Ndanu aliona uso wake, akauliza, akaambiwa. "Nilimwambia aende hata sasa hivi," Ndanu anasema. "Nilimwambia, wewe si unajua umeiweka wapi? Mwambie. Akasema hapana. Akasema, Mbugua ananijua tangu watoto wakiwa wadogo. Nikienda kujitetea, nitakuwa nimekubali kwamba kuna kesi. Akiinua zulia na spea ataiona."

"Na ataliinua lini?" Ndanu alimuuliza.

"Siku ya pancha," Nzivo akasema. "Tairi haziishi milele."

Lakini tairi zilikuwa mpya. Tena alizishauri yeye mwenyewe. Miezi ikapita, gari linapaa tu barabarani, pancha hakuna. Ndanu alitaka kumwambia Lydiah sokoni. Nzivo akamkataza, akamwapisha. Hicho ndicho kiburi ambacho Ndanu alinitajia. Mimi sitakitetea. Ila nitasema kwamba kilimuuma mwenyewe kuliko kilivyomuuma mtu mwingine.

Kwa sababu neno lilikuwa limeshatembea. Jamaa mmoja wa Donholm, mteja wa zamani, alileta gari lake na kigoda. Akaketi karibu na Nzivo, akamtazama mikono tangu mwanzo hadi mwisho. Nzivo alimaliza kazi. Akafunga chuma cha zamani kwa gunia, akampa mkononi, jamaa akakiacha bandani akaenda zake. Alipofika nyumbani siku hiyo hakula. Kwaya nayo akaiacha. Akawa anakaa kiti cha nyuma kabisa kanisani, karibu na mlango, mdomo umefungwa hata nyimbo anazozipenda zikiimbwa.

Halafu akaanza kuchoka. Ngazi za nyumbani zikawa mlima. Miguu ikavimba. Wakasema ni baridi, wakasema ni uzee, ingawa mzee hakuwa. Asubuhi moja mwaka jana akashindwa kuinuka kitandani. Ndanu akatoka nje akitafuta gari. Lydiah akamwona. Lydiah hakuuliza lolote. Alipanda ngazi hadi kwake, akamwambia mumewe, "Baba Eve, chukua ufunguo. Mambo ya masega yenu mtayamaliza huko mbele, saa hii mtu ni mgonjwa."

Mbugua akachukua ufunguo. Wakamshusha Nzivo, wakamlaza kiti cha nyuma, kichwa mapajani kwa Ndanu. Wakashika Outer Ring Road. Gari linapanda kila mwinuko bila taabu. Nzivo amefumba macho, lakini Ndanu aliona anasikiliza.

"Inavuta vizuri," Nzivo akasema. Lilikuwa neno la kwanza kati yao tangu ile Jumapili.

Mbugua akamtazama kwenye kioo. "Inavuta," akajibu.

Wakafika karibu na Donholm. Hapo, wasikilizaji wapendwa, msumari ambao sijui ulitoka wapi ukakutana na tairi jipya. Pancha.

Mbugua akaegesha pembeni, akashuka. Ndanu anasema alisikia buti likifunguliwa. Akasikia magunia yakishushwa. Akasikia zulia likiinuliwa, na spea ikisogezwa. Kisha hakusikia kitu tena, malori tu yakipita. Nzivo akafumbua macho, akatazama paa la gari. Hakugeuza kichwa.

Mbugua alikuja dirishani taratibu. Mikononi alikuwa na furushi la gunia, kamba ya katani, fundo la kichongaji. Masizi yamempaka hadi kwenye koti.

"Baba Muthoki," akasema, akaliinua furushi.

Nzivo akamtazama. Akamuuliza, "Spea ina upepo?"

Mbugua hakuwa ameangalia. Alirudi nyuma, akaibonyeza, akaja tena. "Ina."

"Niliijaza mimi," Nzivo akasema. "Siku ile ile."

Mbugua, mtu mzima, mwenye koti la kanisani, akaketi ukingoni mwa barabara, Outer Ring Road, akalia mbele ya malori. Ni Ndanu aliyemsimamisha. "Baba Eve," alimwambia, "badilisha tairi kwanza. Utalia tukifika."

Hospitalini walisema ni moyo. Ulikuwa umechoka, lakini dawa zingeusaidia kwa muda. Na ule muda Mungu aliutoa, miezi kadhaa. Mbugua ndiye aliyempeleka kliniki kila mara, kwa gari lile lile. Alimwomba msamaha nyumbani, mbele ya Ndanu na Lydiah. Nzivo akamwambia, "Nyumbani hukunisema." Basi Jumapili moja Mbugua akasimama tena kwenye mkutano wa wanaume, mahali pale pale, furushi mkononi. Akasema, "Nililisema hapa, nalirudisha hapa. Sikula hasara. Sikuibiwa. Ndugu yangu aliniwekea, mimi sikuinua zulia. Na yeye hakunidharau. Alinijazia na spea." Sylvance alikuwepo siku hiyo, ingawa kanisa si lake. Alisimama akaeleza mzaha wake. Haikuwa rahisi.

Nzivo naye alisema neno. Alisema, "Mimi pia ningeweza kutembea hadi dukani." Akaketi. Na wimbo wa kufunga ulipoanza, sauti ya nne ilisikika tena, imechoka, haipandi sana, lakini ipo.

Aliimba hivyo hadi mwezi uliopita. Alifia nyumbani mchana, ameegemea kiti, redio ikiwa imewashwa.

Siku chache kabla ya mazishi, Ndanu alifungua banda la Kariobangi. Kwenye rafu alikuta mafurushi ya gunia yenye majina ya wateja walioacha vyuma vyao na hawakurudi kuvichukua. Breki, koili, pampu ya maji. Mwingine angeita mtu wa vyuma chakavu. Mbugua akapakia yote kwenye gari lake. Alizunguka nayo Kariobangi, Lucky Summer, hadi Donholm kwa yule jamaa wa kigoda. Kila mlango alibisha, akatoa furushi, akasema maneno yale yale: "Nzivo amekurudishia chuma chako." Yule jamaa wa Donholm alilipokea kwa mikono miwili. Akauliza mazishi ni wapi. Jumamosi alikuwa Wamunyu, kati ya waliobeba jeneza.

Na ile kataliti? Iko dukani kwa Mbugua, karibu na mizani ya maharagwe. Haijafunguliwa. Yule mnunuzi wa vyuma amepita mara nyingi, na kila mara anaambiwa kwamba ile si ya kuuza.

Kwa Ndanu, kwa Muthoki na nduguze, kwa ukoo wa mzee Mativo huko Wamunyu, na kwako pia Baba Eve, poleni sana. Mungu awafariji. Fundi Nzivo Mativo apumzike kwa amani. Mwizi hakuwa.

Nasi tuliobaki, wasikilizaji wapendwa, labda kuna mtu ambaye umemnunia. Labda una hakika kabisa kwamba alichukua kitu chako. Leo kabla ya jua kuzama, nenda ukainue zulia. Inua na spea. Na ukikuta imejaa upepo, jiulize ni nani aliyeijaza.